Akishameza, Kata Mshipi

Asalaam aleikum, wazee wangu, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Nimewaona.

Nimekuja na neno lile lile. Walionisikia Mwambani na Tongoni wanalijua, wanivumilie. Samaki akimeza ndoana mpaka huioni, na samaki mwenyewe ni wa kurudishwa, usiivute. Kata mshipi.

Sisemi samaki wa kwenda chunguni. Huyo muue upesi, mpasue, ndoana yako utaikuta, wala sina neno nawe. Nasema chewa mchanga, nasema kasa, nasema bunju, ambaye ukimpika kesho tunakula ubwabwa wa matanga kwako.

Nilipokuwa na miaka 16 nilivua mshipi na mjomba wangu nje ya kisiwa cha Yambe, hapa hapa Tanga. Nikapandisha chewa, hata kiganja na nusu hafiki. Mjomba akasema, huyu mtoto, mrudishe. Nikachungulia kinywani: uzi tu, unazama kooni. Na ndoana ilikuwa mpya, ya pesa yangu mwenyewe! Nikachukua koleo. Nikazungusha, nikavuta, ikagoma. Nikavuta tena, ikaja, na nyama juu yake. Damu ikatoka kwenye matamvua ikanichuruzikia miguuni. Nikamtupa majini, najiona mtu mwema kwelikweli. Akaelea tumbo juu. Mwewe akashuka, akamchukua. Mjomba akaniambia, "Umemwachia mwewe, hukuiachia bahari." Hakunisemesha tena mpaka tunashusha tanga.

Sababu nilikuja kuijua baadaye. Moyo wa samaki uko chini ya koo, nyuma kidogo tu ya matamvua. Ukichokonoa pale na koleo, unachokonoa mlangoni kwa moyo. Halafu ndoana ina ule mwiba wa kurudi nyuma, umewekwa makusudi isitoke, nawe unailazimisha itoke! Ukikata uzi karibu kabisa na mdomo, hukuongeza jeraha. Wapo wanaokula na kuogelea ndoana ikiwa ndani, na wapo wanaoitoa wenyewe baada ya siku kadhaa. Watafiti wamelinganisha mara nyingi: waliokatiwa uzi hupona wengi kuliko waliong'olewa.

Najua kuna mtu hapo anasema kimoyomoyo, "Mzee, ndoana ni pesa." Ni pesa, sikatai. Na chewa je? Chewa wengi huanza jike, wakishakua ndipo baadhi yao hugeuka dume. Yule mdogo uliyemuua kwa kuokoa ndoana moja alikuwa aje kutaga. Hesabu piga mwenyewe. Ila nunua ndoana za chuma kinachoshika kutu. Zile zinazong'aa mwaka mzima zitang'aa na tumboni mwa samaki.

Mwingine naona ananyoosha mkono, anataka kunikumbusha silikanti, yule samaki wa kale wa maji ya kina, kwamba tangu 2009 tumo katika hifadhi yake. Silikanti hunasa kwenye jarife, ule wavu wa papa, si kwenye mshipi, bwana. Jarife lina siku yake, na siku hiyo tutagombana.

Ndoana ikiwa mdomoni na unaiona, hiyo toa. Lowesha mikono kwanza, maana ule ute ndio nguo ya samaki. Shika shina la ndoana kwa koleo, irudishe njia ile ile iliyoingilia. Ukimtoa majini, ziba pumzi na wewe. Ukishindwa kuvumilia, ujue naye kashindwa. Kasa usimpandishe kwa uzi, wala usimwachie uzi mrefu unaburuta, utamkata matumbo. Samaki wa maji ya kina akitokwa na kitu kama ulimi uliovimba, hilo ni tumbo lake, usilitoboe. Nilitaka kulieleza hili vizuri, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi hili tu. Samaki humeza mpaka ndani kwa sababu umelegeza mshipi ukasinzia. Sinzieni nyumbani. Na zipo ndoana za mviringo, ncha yake imeelekea ndani, nyingi hunasa pembeni mwa mdomo. Ukizitumia usinyakue kwa nguvu kama mlivyozoea. Kaza uzi polepole, itajishika yenyewe. Nimekuja nazo chache. Zipitisheni mkono kwa mkono mzione.

Taratibu, jamani. Zina ncha.