Jiwe la chokaa: vyumba vipo, tatizo milango

Jamani tuanze na hili jiwe, kila mwaka nalibeba na kila mwaka lazima mtu aulize, "Injinia, porositi yake, yaani nafasi tupu ndani ya jiwe, asilimia ngapi?" Asilimia 20. Haya, imekusaidia nini?

Zamani nikiwa maabara nilipewa plagi mbili, sio za pikipiki, ni vipande vya duara vya mwamba wa chokaa, upana inchi moja na nusu, zote asilimia 20. Tukazijaza mafuta, tukaanza kuyasukuma kwa maji, taratibu. Ya kwanza vitundu vyake vidogo vinalingana, mafuta yakatoka tu mpaka nikachoka kubadilisha tyubu za kuyakinga. Ya pili ndo hii hapa, ona matundu yalivyoliwa na maji, kidole cha mtoto kinaingia, bosi akasema hii itatoa fasta. Tyubu ya pili tu, tone la maji hilo! Ya tatu maji, ya nne maji, juu kautando ka mafuta kama supu ya kongoro iliyopoa. Mafuta mengine yote yamelala humo ndani mpaka leo nadhani, maana maji yakishapata barabara kuu ya nini yahangaike na vichochoro?

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema ongeza presha. Ongeza! Inapita barabara ileile. Kile chumba cha pembeni, yaani lile tundu, mlango wake pengine maikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita, unywele wako ni kama 70, na mafuta yakijaribu kutoka hapo yanakatika, tone linabaki limekwama, chumba kikubwa mlango sindano.

Halafu chokaa ina tabia nyingine. Chukua sufuria ya jana iliyokaangiwa samaki, mwagia maji baridi bila sabuni, si yanateleza tu? Asidi zilizomo kwenye mafuta ghafi zinanata kwenye jiwe la chokaa, ukuta unapenda mafuta, kwahiyo maji hayanyonywi kuingia vitundu vidogo kama inavyokuwa kwenye mawe mengi ya mchanga.

Mnadhani natunga? Nenda Oman, kule kwenye visima vya mafuta vya Fahud, ndugu zetu wa Muscat hapa wanapajua. Kisima cha kwanza kikavu, 1957, mafuta yakaja kupatikana 1964 mita mia chache tu pembeni, aibu hiyo tuiache. Tabaka lao la Natih ni chokaa yenye nyufa kibao. Wakaingiza maji, maji yakakimbilia kwenye nyufa, mafuta yakabaki kwenye jiwe. Wakageukia gesi: inajaza nyufa kuanzia juu, mafuta yanachuruzika yenyewe kwa uzito wake, polepole, lakini yanakuja.

Qarn Alam, hukohuko Oman, mafuta ni mazito kwahiyo wanatia mvuke wa moto kwenye nyufa jiwe lipate joto mafuta yalainike, na habari ya kuingiza maji yenye chumvi kidogo nilikuwa nayo pia ila mwenyekiti ananionesha saa. Haya, lizungusheni jiwe, mlitazame kwenye mwanga. Na mwenye swali la porositi amuulize jirani yake.