Kimono Hukatwa Kwanza Karatasini
Mhadhara kwa mafundi na vijana wa kosplei, yaani mchezo wa kuvaa kama wahusika wa katuni na filamu na kushindana jukwaani, Kisumu

Mafundi, vijana wangu, haya nimeyasema kila nilipopewa nafasi na leo nayarudia, kwa sababu bado naletewa kimono, yale mavazi marefu ya Kijapani, za kike zilizozibwa kwapani.

Tuanze na mkono. Kimono ya mwanamke, mkono wake umeshikana na mwili karibu na bega tu. Kutoka hapo kushuka unaning'inia huru, na ubavu nao umeachwa wazi chini ya kwapa. Msidhani ni urembo. Zamani za Edo, enzi ya Japani ya karne ya 17 hadi ya 19, obi, yaani ule mkanda wa kiunoni, ilizidi kupanuka, na mikono ya wanawake ikaachiliwa ili isigombane nayo. Ukiziba pale, obi na mkono vinavutana.

Binti mmoja aliniletea furisode, ile ya wasichana wasioolewa yenye mikono mirefu. Satini safi, mishono imenyooka. Lakini fundi wake alimpima kifua, kiuno na nyonga, akachimba kwapa la mviringo kama la gauni, akamaliza kwa zipu mgongoni! Nikamwambia, mwanangu, hebu inua mikono kama utakavyoinua jukwaani. Vazi zima likapanda, obi ikasukumwa hadi kifuani. Tulifumua, lakini kilichochimbwa kwa mkasi hakirudi. Kimono ya asili ni vipande vilivyonyooka, na ndiyo maana Wajapani waliweza kuifumua, kuifua ikiwa vipande, kisha kuishona upya.

Basi chukueni karatasi, tupange vipande kabla ya kushika mkasi. Kitambaa cha Kijapani cha kimono kina upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12 au zaidi kidogo. Nani kasema lazima kiagizwe ng'ambo? Kitenge cha soko letu la Kibuye kina sentimita 115 hivi. Gawanya mara tatu kwa urefu, kila ukanda unapata 38. Yadi 6 ni karibu mita 5.5. Kwa msichana wa sentimita 160, ukanda wa kwanza unatoa upande mmoja wa mwili, kutoka pindo la mbele, juu ya bega, hadi pindo la nyuma, sentimita 320, na mkono mmoja wa 200 ukikunjwa katikati. Ukanda wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ni vipande vya kuongezea mbele, na kola. Mwenye mwili mpana aongeze upana wa kanda na anunue zaidi.

Ila tazama maua! Begani hakuna mshono. Ndege wanaotazama juu kifuani, mgongoni watasimama kichwa chini. Chagua chapa isiyo na juu wala chini, au weka mshono begani na umweleze jaji kwa nini. Majaji wa ufundi hugeuza vazi ndani nje.

Najua kuna anayeuliza, mbona tusishone vya kwetu? Tunashona. Anayeweza kupanga mistari hii mirefu bila kupoteza kitambaa, leso na kitenge vitamtii zaidi. Na mzazi anayeona huu ni mchezo, akae na mwanawe jioni moja wapige hesabu ya yadi.

Muda umeniishia, nitakimbia. Shona kwanza ya majaribio kwa merikani, uivae, ucheze nayo. Urefu wa kimono ya kike ni kama kimo cha mvaaji. Kinachozidi hukunjwa kiunoni chini ya obi, usikikate. Kiuno kijazwe kwa taulo nyembamba, mwili uwe mnyofu. Kwa joto la Kisumu bitana iwe ya pamba. Fundo la obi lishonwe peke yake, mbali na mkanda, lipachikwe siku yenyewe. Na upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia, daima. Kinyume chake huvishwa maiti, na jaji anayejua ataliona hilo kabla hujafika katikati ya jukwaa.

Wenye mashindano karibu waulize kwanza. Leteni vitambaa vyenu hapa mezani, na karatasi.