Jinsi ya kuchagua mabuti ya kuendeshea pikipiki ya kruza

Mwangaluka watazamaji, na shikamooni wakubwa zangu mnaotufuatilia. Leo tuko Tabora mjini, hapa Isevya, na mezani nimepanga jozi kadhaa za mabuti, mengine ya dukani, mengine ya mtumba. Tunachagua pamoja mabuti ya kuendeshea kruza, ile pikipiki yenye kiti cha chini, usukani mpana, na vikanyagio vilivyosogezwa mbele. Wewe wa Boxer au TVS usiondoke, maana sehemu kubwa ya haya inakuhusu. Panapotofautiana nitakwambia.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Buti la pikipiki halipimwi ukiwa umesimama. Dukani mtu anavaa, anatembea hatua tatu, anasema limenikaa. Lakini kazi yenyewe utaifanya umekaa, goti limekunjwa, wayo umeelekea mbele, na joto la injini linakupiga pembeni mwa mguu. Kwa hiyo ukienda kununua nenda na pikipiki yako, umwombe muuzaji ulijaribu ukiwa juu yake. Akikataa kabisa, tafuta muuzaji mwingine.

Hatua ya kwanza, utazame mguu wako unavyokaa. Kamera isogee hapa chini. Unaona? Kwenye kruza mguu umetangulia, kwa hiyo upepo unaingilia chini ya suruali na suruali inapanda. Kifundo chote kimebaki nje. Na ukisimama kwenye taa au kwenye kivuko cha reli, uzito wote unaegemea mguu mmoja. Boxer nyingi hazifiki kilo 130. Bajaj Avenger ya 220 inapita kilo 150, na Harley-Davidson kubwa za safari, kama Road King, zinapita kilo 350. Sasa fikiria uzito huo unalala upande wako polepole, mguu wako uko chini, na ardhi ni kichanga. Watu wengi wanawaza ajali ya mwendo kasi tu, lakini mguu unaweza kuumia pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kwa sababu ya kuteleza tu.

Hatua ya pili ni urefu wa buti. Lazima lifunike mifupa yote miwili ya kifundo, wa ndani na wa nje, hata mguu ukiwa mbele. Kwa kruza mimi napendekeza lifike katikati ya ugoko, sababu ekzosi ya kruza nyingi inapita chini upande wa kulia, karibu kabisa na kisigino na kifundo. Raba na ndala hazina nafasi hapa. Natamka hivyo nikijua wengi tunaendesha na ndala, na najua joto letu la Septemba na Oktoba likoje. Lakini ngozi ya mguu ikigusa ekzosi iliyotoka Nzega bila kupumzika, zaidi ya kilomita 100, kovu halitoki. Na abiria wako vilevile, mwambie mapema aweke mguu wapi.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoitaka uielewe kuliko zote, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya mikono yako. Shika buti, mkono mmoja kisiginoni, mwingine vidoleni. Sasa lisokote, kama unavyokamua nguo iliyofuliwa. Buti zuri linakataa. Linapinda kidogo pale vidole vinapokunjika, basi. Tazama hili la pili: linasokoteka lote, linakuwa kamba. Hili ukiangukiwa na pikipiki, mguu wako utasokoteka hivyohivyo ndani yake.

Halafu liweke soli juu, ulibane katikati kutoka pande mbili, kiganja hiki na kiganja hiki. Bana kwa nguvu. Soli ikikunjika pande zikakaribiana, weka pembeni. Huko ndiko mifupa ya wayo inakosagwa pikipiki inapolala. Mwisho bonyeza kisigino kwa nyuma kwa dole gumba. Kiwe kigumu, kirudi chenyewe. Kikibonyea kikabaki hivyo, gamba la ndani limekufa. Vilevile papasa kwenye kifundo, ndani na nje. Mabuti mengi ya pikipiki yana kipande kigumu pale, unakisikia kwa vidole hata kama hukioni.

Kuna wanaouza mabuti yaliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki hasa, na mengine yanafika kwenye mtumba bila muuzaji kujua alichonacho. Fungua ulimi wa kiatu, utafute lebo ndani. Ukikuta mchoro mdogo wa mtu juu ya pikipiki, na maandishi EN 13634, hicho ni kipimo cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki. Chini yake mara nyingi kuna namba nne, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa buti. Ya pili ni namna linavyostahimili kusuguliwa na lami. Ya tatu ni kukatwa na kitu chenye ncha. Ya nne ni kule kubanwa ubavuni tulikofanya kwa viganja sasa hivi. 2 ni bora kuliko 1. Ukikuta 2 nne, na kiatu bado kizima, chukua. Herufi WR ni kuzuia maji, na IPA ni kinga ya kifundo.

Hatua ya nne, ngozi. Ngozi halisi ukiibonyeza kwa kidole inatoa mikunjo midogomidogo, ukiachia inapotea. Rekisini, yaani ngozi bandia, inabonyea tu kama plastiki. Tafuta ukingo uliokatwa, mara nyingi juu karibu na zipu: ngozi ina nyuzinyuzi, rekisini ina kitambaa chini yake. Kwenye lami kitambaa chembamba na rekisini vinaisha haraka, ngozi nene inakupa muda. Rangi isikusumbue, rangi hupakwa.

Sasa soli, na hapa wanunuzi wa mtumba nisikilizeni sana. Kuna soli nyepesi, laini, zinaitwa poliyuretani. Zikiwa mpya ni starehe kweli. Lakini zinaharibika polepole kwa unyevu wa hewa, hata buti likiwa limekaa kabatini bila kuvaliwa. Unanunua buti linang'aa juu, ngozi nzuri, bei nzuri, unaendesha wiki moja, soli inamomonyoka vipandevipande. Ulipime hivi: chimba kwa ukucha ubavuni mwa soli. Ukucha ukizama na kuacha shimo, au vumbi likitoka, liache. Likunje pale vidoleni, uangalie kama kuna nyufa nyembamba. Soli ya mpira halisi inarudi, na ni nzito kidogo mkononi.

Tafuta pia mshono unaozunguka soli yote kwa nje. Soli iliyoshonwa inaweza kubadilishwa. Fundi viatu wetu wanaolala na kuamka na makatambuga wanaujua mpira wa tairi kuliko mtu yeyote, na wanakuwekea soli mpya buti likadumu. Soli ya gundi peke yake, ikifunguka barabarani, ni hatari, maana ile kona inayoning'inia inanasa kwenye kikanyagio.

Kisigino kiwe kimejitokeza, kiwe na ngazi. Kwenye kruza ngazi hiyo ndiyo inayoshika kikanyagio mguu usiteleze mbele. Meno ya soli yawe ya wastani. Njia zetu za vijijini, ukiacha lami ukaingia ndani Uyui au Sikonge, ni kichanga kiangazi na tope masika. Soli isiyo na meno kabisa itakuangusha unapoweka mguu chini. Ila meno marefu kama ya tairi la trekta yanajaa udongo, na yananasa kwenye kikanyagio unapotaka kuushusha mguu haraka.

Kamba. Kamba si mbaya, zinabana kifundo vizuri, ila zisiachwe zikining'inia. Funga fundo mara mbili, weka mafundo upande wa nje, ncha zake zichomeke ndani ya buti. Kamba ikinasa kwenye pedeli ya gia utakuja kusimama, mguu hautoki, unalala na pikipiki. Mimi napenda zaidi zipu ya upande wa ndani yenye kifuniko cha velkro juu yake. Ijaribu zipu hiyo mara kadhaa kabla hujatoa hela.

Wengi mnauliza mabuti ya kazi, yale ya wajenzi na wachimbaji yenye chuma vidoleni. Yanasaidia, na ni afadhali mara nyingi kuliko raba. Yenye alama ISO 20345 yamepimwa kwa kipigo cha jouli 200 pale vidoleni. Lakini kinga yake kubwa iko vidoleni, kifundo hakikuwa lengo lake. Halafu lile chuma linafanya pua ya buti kuwa nene. Ikiwa pikipiki yako ina gia ya kupandisha kwa vidole, pua hiyo haiingii chini ya pedeli, unahangaika kutafuta gia katikati ya magari. Kama una ile pedeli ndefu ya kukanyaga mbele na nyuma, kwa vidole na kwa kisigino, shida hiyo huna. Na mwenye ya vidole asikate tamaa: pedeli inakaa kwenye meno, fundi analegeza boliti, kwa nyingi ni spana namba 10, anaipandisha jino moja, anakaza. Baada ya hapo hakikisha bado unaweza kushusha gia bila kunyanyua kisigino.

Na mabuti ya kijeshi yenye mabaka, yaache palepale. Sare za jeshi haziruhusiwi kwa raia.

Tumefika kwenye kulivaa. Nenda jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa joto letu. Vaa soksi zilezile utakazoendeshea, za pamba nzito kiasi zinazopanda juu ya buti. Vidole vipate nafasi ya kucheza, kisigino kisipande unapotembea. Sasa panda pikipiki. Weka miguu kwenye vikanyagio ukae hivyo dakika kumi, ukiongea na muuzaji. Usione haya. Ukingo wa juu ukikuchoma ugokoni au nyuma ya goti ukiwa umekaa, hautaacha kukuchoma ukiwa njiani kwenda Urambo. Ingiza gia zote. Kanyaga breki kwa mguu wa kulia: uisikie breki chini ya soli. Soli nene mno inakuficha, unakanyaga zaidi ya unavyodhani na tairi la nyuma linafunga. Mwisho simama ukiwa umekalia, miguu yote chini, uiyumbishe pikipiki kushoto na kulia. Soli ikiteleza hapo palipo pakavu, fikiria Machi.

Starehe hii siiombi kama anasa. Buti linalobana utaliacha nyumbani siku ya jua, na siku hiyo ndiyo utakuwa umevaa ndala.

Masika ina mambo yake. Gambuti linazuia maji, lakini halina kinga kifundoni, ni pana, linachomoka mguuni ukianguka. Afadhali buti la ngozi lililopakwa vizuri. Na hapa Tabora tuna bahati ya asali, kwa hiyo nta ya nyuki haitupi shida. Yeyusha nta kwa moto mdogo, ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, changanya na mafuta kiasi iwe laini, ipoe, kisha paka kwa kitambaa ukikazia kwenye mishono. Ngozi ya swedi, ile yenye vinyoya laini juu, usiipake, itaharibika sura. Buti likilowa, jaza magazeti ndani, uyabadilishe yakilowa, likauke kivulini. Ukiliweka karibu na jiko au juani, ngozi inakakamaa na kupasuka, na gundi ya soli inaachia.

Buti jipya la ngozi ni gumu. Livae nyumbani kwanza, jioni mbili tatu, kisha uendeshe mjini tu, Kanyenye, Cheyo, Ng'ambo na kurudi. Tazama mguu wako ukilivua. Wekundu unaopotea baada ya muda mfupi ni kawaida. Malengelenge kisiginoni maana yake namba haikufaa. Na buti la kushoto lichunguze kila mwezi pale juu ya vidole kama gia yako ni ya vidole, maana pedeli inaisugua ngozi mahali palepale. Ukiona imeanza kupungua, mpelekee fundi ashonee kipande cha ngozi juu yake kabla halijatoboka.