Kerneli ya Linux na Kumbukumbu ya Mashine Pepe

Mabibi na mabwana, leo nashika kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux na KVM, sehemu yake inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, kwenye prosesa za x86. Majina hubadilika ukienda kwingine, kazi ni ileile.

Kwanza tuondoe dhana moja. Mashine pepe ikiwashwa kwa GiB 8, kerneli haitengi GiB 8 za RAM pembeni. QEMU, inayoiwasha mashine pepe, ni programu kama nyingine: inaomba anwani za GiB 8 kwa mmap, wito wa kuomba kerneli nafasi ya anwani, na RAM halisi kwa kawaida bado haijaguswa. Kisha inaita KVM_SET_USER_MEMORY_REGION, wito wa kuijulisha KVM kipande cha kumbukumbu (sloti), na kutaja mambo matano: namba ya sloti, bendera, anwani atakayoiona mgeni (mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe), ukubwa, na anwani ndani ya QEMU. Sloti hazipandiani, ukizipandisha utarudishiwa kosa la EEXIST. Wala GiB 8 hizo hazikai mfululizo, kwani chini ya GiB 4 pana nafasi ya vifaa vya PCI, hivyo sehemu kubwa ya RAM huanzia juu ya mpaka huo.

Mgeni akigusa ukurasa (kipande cha kumbukumbu, kwa kawaida KiB 4) kwa mara ya kwanza, jedwali lake mwenyewe la kutafsiri anwani linampa anwani anayoiamini kuwa halisi. Prosesa inaipeleka kwenye jedwali la pili, EPT kwa Intel au NPT kwa AMD, na haikuti kitu. Mgeni anasimamishwa. KVM inatafuta sloti, inapata anwani ya QEMU, inaiomba kerneli ukurasa, inauandika kwenye EPT, kisha mgeni anaendelea bila habari yoyote.

Gharama iko kwenye kutafuta anwani ambayo haimo kwenye TLB, akiba ya prosesa ya tafsiri za anwani. Jedwali la ngazi 4 peke yake linahitaji kumbukumbu isomwe mara 4. Majedwali mawili ya ngazi 4 yanafika 24, maana kila ngazi ya mgeni nayo inatafsiriwa kwa EPT. Kurasa za MiB 2 pande zote mbili zinashusha idadi hadi 15. Hapa ndipo watu wanapoteza kasi bila kujua: anwani ya mgeni na anwani ya QEMU, zikigawanywa kwa MiB 2, lazima zibakize salio lilelile. Zikipishana hata kwa KiB 4, KVM itatumia kurasa ndogo kwenye sloti nzima, ingawa AnonHugePages (hesabu ya kurasa kubwa) katika /proc/PID/smaps, taarifa ya kumbukumbu ya QEMU, inaonyesha namba nzuri. Msiiamini smaps peke yake.

Sasa sehemu ngumu. Kerneli ina haki ya kuuchukua ukurasa wa QEMU wakati wowote: kuupeleka swapu (diskini), kuuhamisha, au kuuunganisha na mwingine wenye data ileile kupitia KSM. EPT isipofutwa kwanza, mgeni ataandika kwenye RAM ambayo tayari amepewa mtu mwingine. Ndiyo sababu ya mmu_notifier, iliyoingia Linux 2.6.27 mwaka 2008: kabla ya kuuondoa ukurasa, kerneli inaiarifu KVM, nayo inafuta EPT na kusafisha TLB. Lakini je, taarifa ikifika wakati KVM iko katikati ya kutafuta ukurasa huohuo? KVM husoma kaunta ya taarifa hizo kabla ya kutafuta, na ikishakamata kufuli linalolinda EPT huikagua tena. Ikiwa imebadilika, jibu lililopatikana linatupwa na kazi inaanza upya. Ukaguzi huo ukiachwa, data inaharibika kimyakimya, mara moja moja, na hasa kumbukumbu inapobana.

Kuhamisha mashine pepe ikiwa hai, kwenda kompyuta nyingine kupitia mtandao, kunaleta mzigo mwingine. Kila ukurasa wa KiB 4 unapewa biti moja ya kuonyesha kama umeandikwa. GiB 8 ni kurasa 2,097,152, yaani KiB 256 za biti. Ili hesabu iwe ya kurasa ndogo, zile za MiB 2 zinavunjwa, na mgeni anapungua kasi hata kabla mtandao haujajaa.

Ukimpa mgeni kadi halisi, kama ya mtandao, kwa VFIO, njia ya Linux ya kumkabidhi kifaa moja kwa moja, mambo yanageuka. Kwa kawaida kadi haiwezi kusubiri ukurasa uletwe, hivyo RAM yote ya mgeni inafungiwa mahali pake tangu mwanzo: hakuna swapu, hakuna KSM, na kuwagawia wageni zaidi ya RAM iliyopo hakuwezekani. Mashine ikikataa kuwaka kwa “Cannot allocate memory” huku RAM ikiwa tele, angalia `ulimit -l` ya QEMU, yaani kikomo cha kumbukumbu inayoruhusiwa kuifungia. Inapaswa kutosha RAM yote ya mgeni, na ziada kidogo.