Embakasi Moja Ikawa Tano

Haya, hamjambo wote, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Wazee nawashukuru, mmeacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa na sisi, na vijana pia asanteni. Leo naongea juu ya mipaka ya eneo bunge letu, na najua mtu akisikia mipaka anaona hayo ni mambo ya maafisa na ramani zao, lakini nipe dakika chache tu, manake hii kitu inaingia mpaka kwa basari ya mtoto wako.

Vijana hapa mnajua Embakasi tano, Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Kabla ya 2013 zote zilikuwa moja. Nairobi nzima ilikuwa na maeneo bunge 8 pekee: Makadara, Kamukunji, Starehe, Lang'ata, Dagoretti, Westlands, Kasarani na sisi. Mtu wa Dandora na mtu wa Imara Daima, mbunge mmoja. Kayole, Umoja, Komarock, Pipeline, Kwa Njenga, Kwa Reuben, Utawala, Mihango, mpaka uwanja wa ndege, ule uliofunguliwa 1958 ukiitwa Embakasi kabla haujapewa jina la Jomo Kenyatta, wote hao mbunge mmoja!

Sasa hapo mwanzo sehemu kubwa ya huku ilikuwa nyasi na ule udongo mweusi unaoshika kiatu mpaka unakiacha. Halafu miaka ya 70 ikaja Dandora, pesa za Benki ya Dunia na baraza la jiji, unapewa ploti yenye maji na choo halafu nyumba unajijengea mwenyewe polepole, chumba kimoja, cha pili, cha tatu unapangisha. Umoja ikaja, Kayole ikaja, baadaye zikaja hizi ghorofa za Pipeline zilizobanana hadi jua haliingii. Watu wakahamia kutoka kila kona ya Kenya, kumbe mstari kwa ramani umetulia tu palepale.

Hebu sikieni sensa ya 2009. Embakasi watu 925,775. Lamu Mashariki, kule Pwani, watu 18,841. Huku mbunge mmoja, kule mbunge mmoja. Gawanyeni wenyewe, ni kama watu 49 wa Embakasi kwa mtu mmoja wa Lamu Mashariki. Na mnielewe vizuri, sina neno na ndugu zetu wa Lamu, wengi wao wako visiwani, mtu anapanda mashua ndiyo afike ofisini, wana shida zao na lazima zihesabiwe. Lakini watu 49 kwa mmoja jameni, hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Iliniuma zaidi kwa sababu ya CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge unaotoa basari. Sheria yake ilipopitishwa 2003 ilisema robo tatu ya pesa igawanywe sawasawa kwa maeneo bunge yote 210, ile robo iliyobaki ndiyo iangalie umaskini. Yaani sehemu kubwa ya hela haikuuliza mko wangapi. Unaleta fomu ya basari, mwenzako analeta, foleni imezunguka jengo mara mbili, na kile kifurushi kikubwa ni kilekile kilichoenda kwa eneo lenye watu wachache. Mimi nilisimama kwa hiyo foleni na fomu ya mdogo wangu mkononi, tukapata kitu kidogo hakikutosha hata nusu ya karo ya muhula, na miaka hiyo yote nikadhani kosa ni la karani.

Tuje kwa uchaguzi. 2002 David Mwenje aliingia na muungano wa NARC. Disemba 2007 kiti kikaenda kwa Mugabe Were wa chama cha ODM. Akaapishwa katikati ya Januari 2008, na tarehe 29 mwezi huohuo akapigwa risasi langoni kwake, nchi ikiwa tayari inawaka kwa vurugu za baada ya uchaguzi. Naomba tunyamaze kidogo hapo.

Asanteni. Uchaguzi mdogo ukafanyika 11 Juni 2008, Ferdinand Waititu wa chama cha PNU akashinda, na yeye ndiye wa mwisho kuchaguliwa kuwakilisha Embakasi ikiwa nzima.

Halafu Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, hapa ndipo pananifurahisha. Kinasema maeneo bunge yawe 290, unachukua watu wote wa nchi unagawa kwa 290, unapata wastani. Mjini na sehemu zenye watu wachache sana unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 40, kwingine asilimia 30. Kwa sensa ya 2009 wastani ulikuwa 133,138, kwa hivyo mjini mwisho ni kama 186,400 hivi. Sasa chukueni watu wetu 925,775 mgawe kwa 4, mnapata zaidi ya 231,000, mmevuka. Gawa kwa 5, mnapata 185,155, mmeingia kwa mwanya mwembamba sana! Watu husema Embakasi iligawanywa ili wakubwa wagawane viti, na siasa ilikuwepo sikatai, ila hesabu yenyewe haikukubali nne. Tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ikachapisha mipaka Machi 2012, Nairobi ikatoka 8 ikawa 17.

Tangu hapo kila kipande kina hadithi yake. Kusini, ushindi wa Julius Mawathe wa 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu, wakarudi debeni 5 Aprili 2019, akashinda tena. Mashariki, Babu Owino naye ushindi wake ulifutwa na Mahakama Kuu 2018 halafu Mahakama ya Rufaa ikamrudishia. Magharibi, 2022 akaingia Mark Mwenje, mtoto wa yule David, jina likarudi Bunge.

Na mbele je? Kwa sensa ya 2019 wastani wa nchi ni kama watu 164,000 kwa kila eneo bunge. Anayewaahidi Embakasi ya sita aulizwe hesabu yake ni ipi. Mimi naangalia ndani yetu. Kule Utawala na Mihango nyumba zinaota kila wiki, wakati Umoja imeshajaa zamani, kwa hivyo tume ikianza mapitio itabidi isogeze mistari kati ya hizi tano, na kuna mitaa italala Mashariki iamke Kati. Wakija kusikiliza wananchi wataketi ukumbini kama huu na watataka mambo yaliyoandikwa: barabara ipi inatutenga, shule ipi tunatumia, soko letu liko upande gani. Mimi nimeanza kuandika ya mtaa wetu, nimefika ukurasa wa tatu.

Mzee pale kwa dirisha ameinua mkono kitambo, samahani mzee wangu, mpeni maikrofoni.