Mpokeaji Wageni Kaondoka, Akaunti Yake Je?

ZUHURA: Assalaam alaykum wasikilizaji. Haji, leo tuanze na hoteli. Tuseme umetengeneza programu ya buking, nyumba ndogo za wageni Paje na Jambiani hapa Unguja wanaitumia, mambo yanakwenda. Mara anakubishia hodi mwenye mahoteli Nungwi, Kiwengwa na nje ya nchi. Anataka nini huyu?

HAJI: Haanzi na bei. Anakuletea dodoso la usalama, kurasa kwa kurasa. Usimbaji wa data, yaani kuifunga isisomeke ovyo, na chelezo, zile nakala za akiba, hayo mepesi, mtoa huduma wa wingu anakusaidia. Linalowatoa watu jasho ni hili: mfanyakazi akiondoka, nani anafunga akaunti yake, na baada ya muda gani?

ZUHURA: Na kwetu hapa wanaondoka kwa mkupuo! Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli kadhaa zinafunga, watu wanarudi kwao. Juni wanaitwa wengine.

HAJI: Wengine, lakini pasiwedi ya mapokezi ni ileile, imebandikwa chini ya kibodi. Na ndani mna nakala za pasipoti za wageni.

ZUHURA: Subhanallah.

HAJI: Ndiyo maana mteja mkubwa anataka watu wake waingie kwa akaunti za kampuni yake mwenyewe. Kwa kawaida hapo ni SAML 2.0, kiwango cha tangu 2005 kinachoiwezesha programu yako kumpokea mtu kwa akaunti ya kampuni yake. Ila watu wengi wanasahau kitu: SAML inamzuia mtu asiingie tena. Kama simu yake tayari imo ndani, anaendelea kusoma mpaka muda wa kule kuingia kwake uishe. Kumfuta kabisa upande wako, hiyo kazi ya SCIM, njia ya mfumo wa kampuni kuuambia wa kwako ufungue au ufunge akaunti.

ZUHURA: Kwa hiyo ukiweka moja tu, umefunga nusu.

HAJI: Nusu, na ile iliyobaki ndiyo ya mtu aliyeondoka na hasira.

ZUHURA: Na kumbukumbu za nani kafungua nini?

HAJI: Hizo ziwekwe mwanzo, wallahi. Vingine unaweza kuviongeza baadaye kwa taabu, lakini tukio la mwaka jana ambalo hukuliandika huwezi kuliandika leo. Na hata meneja wa hoteli asiweze kulifuta.

ZUHURA: Halafu ripoti ya ukaguzi. Wanataja SOC 2, ya mkaguzi wa nje kuhusu unavyolinda data.

HAJI: Aina ya kwanza inaangalia mpango wako siku moja. Ya pili inaangalia kama umeufuata kwa miezi. Hiyo hainunuliki wiki ya kusaini mkataba.

ZUHURA: Na sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha data nje. Seva ikiwa Cape Town, ushaivusha mipaka hiyo pasipoti.

HAJI: Naam, na jibu lake liwe tayari kabla hujaulizwa.

ZUHURA: Haya, bei. Hiyo SAML unamtoza na mwenye vyumba vinne Jambiani?

HAJI: Akiitaka, namtoza, inakula muda wa fundi. Uthibitisho wa hatua mbili ndio wa bure kwa kila mtu.

ZUHURA: Mimi sikubali. Usalama kuuzwa kwa daraja kama vyumba? Wasikilizaji, tuandikieni, mtuamulie.