Kusoma Kiraka Kabla ya Kukishona

Wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nieleze namna ya kutia kiraka, yaani rekebisho dogo la msimbo (maandishi ya programu), kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, nami nitaanza na kiraka kimoja kilichoninyima usingizi.

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ndani ya OpenSSL, maktaba (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) inayofunga kwa siri mazungumzo ya kivinjari chako na seva. Ikaitwa Heartbleed. Waliigundua Neel Mehta wa Google na, kwa njia yao wenyewe, wataalamu wa Codenomicon ya Finland. Kisa chenyewe hakina ugumu. Kompyuta mbili zikiwa zimeunganishwa, moja huuliza: "Bado upo? Nirudishie neno hili, lina herufi tano." Nyingine hulirudisha. Sasa mtu akituma herufi tano akadai ni elfu sitini, OpenSSL ilimwamini. Ilirudisha zile tano, ikaendelea kuchota chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa mkupuo mmoja. Humo mliweza kuwa na nywila za watu, barua zao, hata ufunguo wa siri wa seva.

Kasoro hiyo ilikuwemo tangu toleo 1.0.1 la Machi 2012. Miaka miwili, na msimbo uko wazi kwa yeyote mwenye macho! Linaniuma hadi leo, kwa sababu nami nilikuwa natumia maktaba hiyo kila siku na sikuwahi kufungua hata faili lake moja.

Dawa ilikuwa mistari michache: pima urefu unaodaiwa dhidi ya ujumbe uliofika kweli, dai likizidi, tupa ujumbe kimyakimya.

Kiraka ni faili la maandishi tu. Programu iitwayo diff ndiyo hulitengeneza, na patch, aliyoiandika Larry Wall mwaka 1985, ndiyo hulishona mahali pake. Ukilifungua utaona mistari yenye alama ya kutoa, hiyo inaondoka. Yenye alama ya kujumlisha inaingia. Kisha kuna mistari isiyo na alama, kwa kawaida mitatu juu na mitatu chini. Wengi huiruka. Msiiruke, maana hiyo ndiyo inayoiwezesha patch kutambua mahali pa kushona hata kama faili lako limeongezewa mistari huko juu. Isipopatambua, kipande kilichokataliwa huwekwa kwenye faili lenye mwisho wa .rej, nawe unakaa chini kukishona kwa mkono. Ndiyo maana mimi hutangulia na patch -p1 --dry-run: inajaribu yote bila kugusa kitu.

Usiku ule wa Heartbleed tulikisoma kiraka, tukakishona, tukakompaili (tukaugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), tukaweka maktaba mpya, tukaenda kulala. Asubuhi mwenzangu akaijaribu seva: bado inavuja. Maktaba mpya ilikuwa kwenye diski, lakini programu ya wavuti ilikuwa haijazimwa, bado imeshikilia ile ya zamani kwenye kumbukumbu. Usiku kucha watu walikuwa wakiingiza nywila zao huku sisi tukiamini tumemaliza. Tangu siku hiyo sisemi "nimetia kiraka" kabla sijaiwasha upya huduma na kuipima kutoka nje.

Namba ya toleo nayo isikupoteze. OpenSSL walitoa 1.0.1g yenye dawa, ila Debian 7, mfumo endeshi wa Linux, haikuhamia huko. Watunzaji wake walichukua kiraka peke yake, wakakishona kwenye 1.0.1e waliyokuwa nayo. Aliyetazama herufi ya mwisho tu alidhani seva yake ingali wazi, kumbe imeshatibiwa. Ilibidi usome namba yote ya kifurushi, yaani programu kama Debian wanavyoigawa.

Na ufunguo je? Kiraka kinaziba tundu, hakirudishi kilichokwisha kuvuja. Tulitengeneza funguo mpya, tukaomba vyeti vipya vya kuitambulisha seva, vya zamani vikabatilishwa, ndipo tukawaomba watumiaji wabadilishe nywila. Kwa mpangilio huo. Nywila mpya ikipita kwenye seva yenye ufunguo ulioibiwa, ni kama imeibiwa nayo.

Sasa fungueni kompyuta zenu. Nimewawekea msimbo wa 1.0.1f na kiraka chake. Kabla hamjaandika amri yoyote, kila mmoja amwoneshe jirani yake mstari unaopima urefu.